Kiwanja Nilichomtafutia Mama Kule Ziwani

Hema ikikunjwa ikiwa bado na unyevu, halafu ikakaa ghalani, siku utakayoifungua itakupiga kwa harufu kabla hujaona hata rangi yake. Ni harufu ya majani yaliyooza, ya plastiki iliyopigwa jua, ya miguu ya watu wengi. Harufu hiyo mimi naijua kuliko mtu yeyote kati ya Dzaleka na Lilongwe, na sisemi hivyo kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Hema unazoziona kwenye harusi za watu wetu huku, hema za misiba, hema za mikutano ya injili, uliza ni za nani, watakuonyesha mlango wangu. Nilianza na moja iliyotoboka. Shuleni niliachia njiani, hesabu za kugawanya zilinishinda. Leo wenye diploma zao wananipigia simu: "Patron, tusaidie viti, baharusi bamekwisha kufika."

Juma lililopita nilikuwa uani nafungua moja ya zile ambazo vijana wangu walizikunja kizembe, nikiwa nawatukana kidogo, ndipo binti yangu Rebeka akarudi kutoka kanisani, viatu mkononi.

"Papa, kanisa itatupeleka kambi! Kule juu ya mulima, kwenye ziwa. Tutavua samaki, tutalala mu hema, tutatembea mu pori." Kisha akajisikia mwenyewe alichosema, akaanza kucheka. "Eh, papa! Tunatoka kambi tunaenda kambi!"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Rebeka alizaliwa Kawale, pale mjini, nilipokuwa na nyumba ya kupanga yenye vigae sakafuni na ghala kule Kanengo. Hapa Dzaleka tulirudi ilipotoka amri kwamba wakimbizi wa mjini turudi kambini. Wengine walilia. Mimi nilikodi lori, nikapakia hema zangu zote, nikafika nazo, nikaendelea na kazi. Kwa hiyo Rebeka ana kambi mbili kichwani, moja ya kukaa na moja ya kuchezea, na neno lile anaweza kulirusha juu na kulidaka kama mpira.

Mimi nilipokuwa na umri wake, neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

Sikuweza kucheka naye. Niliiacha hema pale chini, nikaenda mpaka kwenye lango, nikarudi, nikaenda tena. "Papa, unatafuta nini?" akaniuliza. Nikasema hakuna. Tangu siku hiyo sikai. Nikiketi, miguu inataka kusimama. Nikisimama, naona heri niketi. Basi nikasema niandike, wale wa rika langu tuliofika huku juu ya malori watanielewa.

Sisi ni watu wa Uvira. Vita vilipotutoa, tulivuka ziwa letu kubwa la Tanganyika, tukawekwa kambi ya kwanza ng'ambo ya pili. Kila kambi, kwa akili yangu ya utoto, ilikuja kwa mpango uleule. Kwanza anatokea mtu mwenye kofia anasema mtahamishwa. Halafu lori. Halafu hema. Halafu watu wanakimbia kutafuta mahali, na anayefika kwanza ndiye anayechagua. Baba yangu hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, mpole, utepe wake wa kupimia nguo shingoni saa zote hata cherehani yenyewe ilipokuwa imebaki Uvira. Kwenye mstari alikuwa anapisha wamama wenye watoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka anajikuta wa mwisho. Ndiyo maana hema yetu iliangukia bondeni, pale maji ya mlima mzima yalipopita. Mvua ya kwanza ilipiga, nikaona kiatu cha mama kinatoka nje ya hema kikielea, kinageuka polepole kama kinachotuaga. Baba alishikwa na homa palepale kwenye ubaridi ule, na tukamwacha kule. Watu wazima walisema ni malaria. Mimi sikuwauliza. Nilijua kwamba baba aliuawa na kuchelewa.

Tulipoletwa Malawi, hapa Dzaleka, tulipata kijumba cha matofali mabichi, na fikiria kilikuwa wapi: chini tena! Maji yalikuwa yanaingia mlangoni bila hodi. Mama alikuwa anamwinua mdogo wangu Neema, anamweka juu ya sanduku, na sisi wawili tunasimama tukingoja yapungue. Majirani walimwambia, "Mama, chimba rigoli, maji ipite pembeni." Na mama, ambaye nguvu alikuwa nazo na jembe alikuwa nalo, alijibu kila mara kwa sauti moja: "Ya nini? Siye hatukawie hapa."

Hakuchimba rigoli. Hakupanda hata maharagwe. "Nitapanda, nani atavuna?" Sanduku letu lilikuwa limefungwa kamba, asubuhi anaifungua, anatoa kitana na vikombe, jioni anavirudisha na kuifunga. Mimi nililelewa karibu na fundo lile la kamba. Tulikuwa watu wa kungoja lori.

Sasa, siku moja kanisani, moniteri Elia alisimama mbele yetu. Moniteri ndivyo tulivyomwita mwalimu wa ecodim, masomo ya watoto ya Jumapili. Alikuwa kijana mwembamba wa Fizi, tai yake ilikuwa fupi kuliko kila tai niliyopata kuona. Alikuwa amejaa furaha.

"Batoto! Juma hii tunaenda kambi! Iko ziwa kule juu ya mulima, maji safi, samaki, miti mirefu. Tutalala mu hema. Kila mutu abebe blanketi na sahani."

Wenzangu walipiga makofi na kuruka. Walikuwa wanashangilia nini? Niliwatazama kama watu waliorukwa na akili. Nikanyoosha mkono.

"Moniteri, na bamama?"

"Bamama batabaki," akasema, anacheka. "Ninyi batoto kwanza!"

Batoto kwanza. Hapo nikaelewa yote. Kambi mpya imefunguliwa, na safari hii wametumia akili: watoto wanatangulizwa kushika mahali, maana watoto wana mbio, kisha mama zao watafuata. Sikuuliza tena. Nilikuwa nimejifunza kwamba anayeuliza sana hupitwa na lori.

Nilimkuta mama anamwogesha Neema kwenye beseni.

"Mama, tunahamishwa. Iko kambi ingine. Iko na ziwa."

"Eeh? Ziwa sawa ile ya kwetu?"

"Balisema iko juu ya mulima."

"Ziwa inapandaka mulima?" Akacheka, cheko fupi, huku anamsugua Neema masikio. "Basi, papa, enda ututafutie mahali pazuri. Karibu na maji, lakini maji isituingilie."

Papa ndivyo watu wa kwetu wanavyowaita hata wavulana wadogo, kwa mapenzi. Alikuwa anatania. Hivyo ndivyo alivyonieleza miaka ya baadaye. Lakini jioni ile nilimwona anakaza kamba ya sanduku kuliko siku zote, goti juu ya kifuniko, na mpaka leo mimi sina hakika.

Blanketi langu nililikunja vizuri. Ndani yake niliweka sahani, jembe dogo lisilo na mpini, na ule utepe wa baba.

Safari ilikuwa ndefu. Basi dogo la kanisa, watoto wanaimba, madirisha yanatikisika. Mimi sikuimba. Nilikuwa naitazama barabara niweze kumwelekeza mama: hapa kuna kiwanda cha kuchambua pamba, hapa daraja la chuma, hapa wanauza viazi. Nyuma yangu alikuwa Furaha, msichana aliyenizidi umri kidogo na mdomo sana.

"We, unaenda kwenye kilio? Imba!"

"Sina nafasi."

"Hana nafasi! Musikie huyu, ministre!"

Basi zima likanicheka, mimi waziri. Niliwaacha wacheke. Wao walikuwa wanakwenda kulala chini bondeni, na mama zao watajua.

Mlima ulipoanza, masikio yaliziba na baridi ikaingia kwenye basi kama abiria mwingine. Miti ilibadilika, ikawa misonobari mirefu iliyopangwa safu safu, na harufu yake ilikuwa kali ya dawa, kama mtu amefungua chupa hospitalini. Kisha tukaliona ziwa.

"Hii njo ziwa?" nikasema kwa sauti.

Mtoto wa Uvira akisikia ziwa anategemea mawimbi, upepo, wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa kwetu, harufu yake inayokufuata mpaka kitandani. Hili lilikuwa dogo, jeusi, limetulia katikati ya misonobari kama maji yaliyosahaulika kwenye sufuria. Ng'ambo yake niliiona! Unakiita vipi ziwa kitu ambacho mtu wa ng'ambo anaweza kukuona ukijikuna? Lakini nikajiambia, sisi wakimbizi hatuchagui ziwa, tunachagua mahali pa kulala.

Basi halijasimama sawasawa, nimesharuka. Wenzangu walikimbilia majini wakipiga kelele, mimi nikakimbilia juu. Nilipiga magoti nikaangalia nyasi zimelalia upande gani, maana nyasi hulala kule maji yanakoelekea. Nikapata mahali penye mgongo, palipoinuka kidogo, kijito kinasikika lakini hakikaribii. Nikatoa utepe wa baba. Nilipima upana wa kumtosha mama, Neema na mimi, nikapima mahali pa jiko nje, nikapima na mahali pa sanduku. Kwenye pembe nikaweka mawe.

Moniteri Elia akaja anahema juu ya kichwa changu. "Unafanya nini huku peke yako?"

"Nachagua mahali."

"Ah! Vizuri. Chagua, chagua."

Mnaona? Moniteri mwenyewe alikubali! Furaha ndiye aliyekuja na wenzake wakitaka kuweka hema yao palepale, mguu wake juu ya jiwe langu.

"Toa mguu. Hapa ni kwetu."

"Kwenu? Mulinunua?"

"Umesimama mu mulango ya mama yangu."

Akaangalia chini, akaangalia huku na huku. "Mama yako iko wapi?"

"Anakuya."

Kuna kitu kwenye sauti yangu, sijui ni nini, kilimfanya aondoe mguu. Wakaenda kuiweka yao chini, penye nyasi laini. Mimi na wavulana waliopangiwa kulala na mimi tukasimamisha ya kwetu ndani ya mawe yangu, kisha nikatoa lile jembe lisilo na mpini nikaanza kuchimba rigoli kuizunguka. Wavulana waliona ni mchezo, wakanisaidia kidogo, wakachoka.

Kulikuwa na mzungu mmoja, rafiki wa kanisa, mtu wa makamo mwenye goti bovu. Tulimwita Anko. Alikuwa na kofia, na kofia hiyo imechomekwa ndoano ndogo ndogo zenye manyoya ya rangi, nyekundu, kijani, manjano. Nilipoiona nikajua: huyu ndiye mkubwa wa kambi. Sijawahi kuona kofia yenye vyeo vingi namna ile. Alikuja akasimama juu ya rigoli langu. Mimi nikasimama wima, jembe mkononi, nikingoja atasema nini. Alilitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, akalifuata kwa kidole mpaka linapomwaga maji, akatoa tabasamu.

"Zikomo!" akasema. Kichewa chake kilikuwa kichache kama changu. "Zikomo kwambiri!"

Akanipiga bega. Basi, kiwanja kimepitishwa. Hata mtu mwenye kofia kasema asante.

Kesho yake alitufundisha kuvua. Alitupa uzi wake mrefu juu ya maji, ukaenda ukilala taratibu kama unyoya, na baada ya kungoja akavuta samaki mwenye madoadoa ambaye sikuwa nimewahi kumwona sokoni Tsoka, kule Lilongwe, wala kwetu. Sisi tukapiga yowe la chakula. Anko akamshika kwa mkono uliolowa, akamtoa ndoano polepole, akainama, akamrudisha majini.

"Amerudisha!" Furaha akapiga kelele. "Moniteri! Mzungu amerudisha samaki!"

"Bado mudogo," moniteri akasema, naye akionekana kuumia. "Anaacha ikue kwanza."

Watoto wote walinung'unika isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimeelewa. Anatunzia wale wanaokuja! Katika kambi zote nilizopita, wenye kofia walikuwa wanagawa mpaka chakula kinaisha, wa nyuma wanakosa. Huyu alikuwa wa kwanza anayewawekea wa nyuma. Niliwaza kwamba baba angepatana naye sana.

Ikafika zamu yangu. Samaki wangu alivuta mpaka nikachomeka visigino udongoni, na alipotoka alikuwa mkubwa kuliko wa Anko. Sidanganyi, mkubwa. Anko mwenyewe alionyesha kwamba huyo naweza kumtunza, akaonyesha moto, akaonyesha mdomo. Tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa uji tu. Nilimtazama samaki, nikamwona Neema juu ya sanduku, nikamrudisha majini.

"Mujinga we!" Furaha alikaribia kulia. "Ule alikuwa wa kuchoma!"

"Atakuwa mukubwa bakifika," nikamwambia.

"Nani bakifika?"

Nilidhani ananificha kitu anachokijua.

Baada ya kula, tukatembezwa mlimani. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kuwaelewa watu wale. Tulipanda, tukashuka, tukapita kwenye miti iliyojaa kuni kavu na hakuna aliyeokota. Mimi niliokota. Nilikuwa na mzigo mzuri kichwani moniteri aliponigeukia.

"Weka chini hizo kuni, papa. Tunatembea tu."

"Tunaenda wapi?"

"Hatuende fasi yoyote. Tunazunguka, tunarudi."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kutembea pasipo kwenda mahali. Hata kukimbia tulikimbia kwenda mahali. Kwa hiyo nikatafuta maana, nikaipata: tunaonyeshwa mipaka. Nikaanza kukagua. Chemchemi, nzuri. Kuni, nyingi. Udongo je? Nilibaki nyuma nikafukua chini ya majani ya msonobari, nikauponda kiganjani. Ulikuwa mweusi lakini baridi, na una ukali puani. Nikaanza kuhangaika. Muhogo utaota hapa? Mama atapata wapi majani yake ya sombe? Na kifua chake, kwenye ukungu huu? Kiwanja kilikuwa kizuri, lakini nilianza kuona kwamba nampeleka mama mahali ambapo atakohoa. Tangu hapo sikutulia. Wenzangu waliketi juu ya miamba wakitazama ziwa kule chini, moniteri akaomba sala ya shukrani kwa uzuri wa dunia, na mimi nilifumba jicho moja, lingine likitafuta mahali penye jua.

Tulipokuwa tunashuka mvua ikatukuta. Mvua ya mlimani haikuonyi, inamwagwa. Tuliingia kambini tukikimbia, na kule chini kwenye nyasi laini hema zilikuwa zimeshakuwa mabwawa. Blanketi zilielea. Nikasikia wasichana wanalia, nikamwona Furaha ameshika kiatu kimoja anatafuta cha pili ndani ya maji, na kile kiatu kilinichoma mahali.

Hema yangu ilikuwa kavu. Maji yalifika kwenye rigoli, yakaingia, yakazunguka, yakaenda zake. Kavu kabisa, kama nyumba! Wote wakajaa humo, mpaka moniteri, mpaka Anko na goti lake, tumebanana tunatoa mvuke kama viazi. Furaha alifika wa mwisho, akasimama nje ya rigoli, nywele zimemlalia usoni.

"Mwenye kiwanja," akasema. "Hodi."

"Karibu," nikasema.

Nimefanya harusi za watu wakubwa, nimeweka hema za kutosha kufunika uwanja wa mpira, lakini sijapata tena kusema "karibu" namna ile. Biashara yangu ilianza siku hiyo, yeyote asikudanganye.

Asubuhi ya kuondoka jua lilitoka. Watoto walikunja hema huku wanaimba. Mimi niliketi katikati ya kiwanja changu, utepe wa baba mkononi.

"Haya, papa, simama tukunje," moniteri akasema.

"Mi nabaki."

Alidhani nimelipenda ziwa. "Tutarudi mwaka mwingine, Mungu akipenda. Simama."

"Ninyi muende mulete bamama. Mi nitalinda. Tukitoka siye wote, bengine batakamata fasi."

"Bamama gani?"

"Yetu. Ulisema batoto kwanza."

Furaha alianza kucheka, na moniteri akainua mkono mmoja bila kumgeukia, kicheko kikakatika. Akanitazama. Akatazama mawe, rigoli, mahali pa jiko, ule upande niliouacha wazi kwa ajili ya sanduku. Naye alikuwa amepita kambi ile ya kwanza, kama sisi. Akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa na suruali yake nzuri.

"Kambi hii haiko sawa na ile kambi," akasema polepole. "Huku hakuna mutu anahamia. Bantu banakuya huku kupumzika."

"Kupumzika nini?"

"Kupumzika nyumba zabo."

"Nyumba inachokeshaka mutu?"

"Sijue, papa," akasema. "Mi sijakaa na yangu mpaka inichoshe."

Akachukua utepe kutoka mkononi mwangu, akauviringisha vizuri, mviringo juu ya mviringo, akanirudishia. Nikasimama. Hema ikashushwa. Kisha akaja Anko na kofia yake, akaanza kulifukia rigoli langu kwa mguu ule mzima, taratibu, akirudisha nyasi mahali pake na kuzigandamiza, maana desturi yao ni kupaacha mahali kana kwamba hakuna mtu aliyelala. Hakuwa na nia mbaya. Lakini hapo ndipo nilipolia. Kule kote nyuma sikuwa nimelia, hata kwa baba.

Kwenye basi Furaha alikuja akakaa kando yangu. Safari nzima hakusema neno, na kwake huo ulikuwa ugonjwa.

Mama alikuwa barabarani anatungoja pamoja na wamama wengine, Neema mgongoni. Watoto wakawarukia mama zao. Mama akanishika kidevu.

"Papa! Ulitupatia mahali?"

Wamama wakacheka, alikuwa ameshawasimulia. Lakini jicho lake lilikuwa linangoja, nililiona, lilikuwa linangoja kweli.

Sikumsalimu. Nilimpita, nikaenda moja kwa moja mpaka nyumbani, nikachukua jembe lenye mpini, nikatandaza utepe wa baba kutoka ukutani kwenda nje, na nikaanza kuchimba upande wa juu, kule maji yanakotokea.

"We! Unafanya nini?"

"Natengeneza fasi yetu."

"Mara ngapi nitakuambia, siye hatukawie hapa."

"Mama, hakuna kambi ingine," nikasema. "Mi nimefika, nimeona. Ile ni ya bantu benye nyumba."

Majirani walikuwa wanatazama. Mimi niliendelea kuchimba, udongo wa Dzaleka mwekundu na mgumu, sio ule mweusi wa mlimani, na nilikuwa na hasira nao na nilikuwa nauhitaji. Halafu nikaona kivuli cha mama pembeni yangu. Alikuwa ameinama, ameshika ncha ya pili ya utepe.

"Umepinda," akasema. "Vuta huku. Baba yako alikuwa anapima mara mbili."

Mvua za mwaka ule zilipokuja, maji yalishuka kwa fujo yao ileile ya siku zote, yakafika kwetu, yakakuta rigoli, yakazunguka nyumba na kupita. Mama alisimama mlangoni na miguu yake mikavu akiyatazama yanavyokwenda. Neema alikuwa chini, sio juu ya sanduku. Nilingoja mama aseme kitu kuhusu kazi yangu, maana hata wakati ule nilipenda kusifiwa.

"Kesho," akasema, "tutaomba chipukizi kwa jirani. Tutapanda ndizi."

Ndizi, sio maharagwe. Ndizi, ambayo unaipanda na unaketi mwaka na zaidi kabla hujaonja.

Rebeka ameondoka leo asubuhi. Nilimpa hema iliyo nzuri kuliko zote, nikamwonyesha jinsi nyasi zinavyolala, akasema, "Papa, ninajua, ninajua," na akapanda basi akiimba. Ni sawa. Aimbe. Mimi nilirudi nyumbani nikajaribu kuketi, nikashindwa, nikajikuta nimeshika jembe, nasafisha rigoli la nyumba ya mama, mtu mzima mwenye vijana wa kumfanyia kazi. Mama ni mzee sasa. Alikuwa ameketi kwenye kivuli cha migomba yake, ananitazama.

"Papa, mvua iko mbali," akasema.

"Najua, mama," nikamwambia, na nikaendelea kuchimba.